Kinata cha Mella na Pua ya Wifi

Kabla hujaniuliza chochote kuhusu kuotesha kinata, funga mdomo. Simaanishi kwa ajili ya adabu, ingawa adabu nayo haijawahi kumuua mtu. Nasemea pumzi. Mbegu za kinata ni ndogo kiasi kwamba ukisema "habari" juu ya trei umepoteza familia nzima, na ukicheka umepoteza ukoo. Mimi nilipoteza trei ya kwanza kwa kupiga chafya, na ya pili kwa kumweleza mgeni jinsi nilivyopoteza ya kwanza.

Nawaandikia ninyi vijana mliokabidhiwa kile kibanda changu cha mimea pale chuoni, nje kidogo ya Tororo. Mlinijia barazani mkiwa mmeinua simu kama watu wanaotafuta mtandao, mkaniambia mmeshatazama video zote za mimea inayokula wadudu, na sasa mmebakiza "vitu vidogo vidogo tu" vya kuuliza. Nilicheka kimoyomoyo. Wanangu, kazi hii yote ni vitu vidogo vidogo tu. Nimeifanya mpaka nikastaafu, na sijawahi kukutana na kikubwa.

Kwa yeyote ambaye hajakiona: kinata ni mmea mwembamba wa kinamasini, kimo chake hakizidi kiganja. Majani yake ni kama nyuzi, kila uzi umejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kimebeba tone linalong'aa kama umande. Si umande, ni gundi. Mdudu akitua kunywa hanyanyuki tena. Jani linamkumbatia polepole, na baada ya siku chache anabaki ganda. Vitabuni kina jina refu la Kilatini ambalo nilitumia mwaka mzima wa chuo kikuu kulijifunza na wiki moja ya kazi kulisahau. Kibandani tulikiita kinata, basi.

Kazi yangu ilikuwa kuotesha mimea ya kufundishia. Shule za sekondari za Tororo, na za Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, zikifika kwenye somo la lishe ya mimea ziliagiza kinata ndani ya kopo, ili wanafunzi waone kwa macho yao kwamba kuna jani linalokula nyama. Niliingia kazini na shahada, koti jeupe na kalamu nne mfukoni. Kibandani nilimkuta Mama Adikini, mwanamke wa Kiteso kutoka Mella, aliyeajiriwa kuosha makopo na kuchota maji. Yeye hakuwa na koti. Alikuwa na kitambaa kichwani na ugoro kwenye pindo la leso. Alizitazama kalamu zangu moja baada ya nyingine.

"Profesa," akasema, "hizo kalamu, moja ikikufa, hizo ingine nafanya matanga?"

Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa kweli, na sidhani kama niliupita.

Kosa langu kubwa la mwanzo lingeweza kufanywa na mtu wa Tororo tu. Sisi tunaishi chini ya mwamba wa Tororo, tumezungukwa na viwanda vya saruji, na hapa mtu akiwa na jambo zito moyoni hulisema kwa saruji. Akifiwa na baba humjengea kaburi la saruji. Akimpenda mkewe humwagia sakafu ya saruji. Mimi nilikipenda kinata, nikakijengea tangi la saruji.

Nilikuwa nimesoma kwamba kinata hakitaki maji ya bomba wala ya kisima, kwa sababu yana chumvichumvi za ardhini. Kinataka maji ya mvua, matupu kabisa. Nikajenga tangi la kuvuna mvua, nikalipiga lipu kwa mkono wangu, nikachora jina langu ubavuni kwa msumari. Mvua ya kwanza likajaa. Nikanywesha trei zote. Haukupita muda miche ikawa ya kijivu, ikajikunja, ikafa safu kwa safu, kwa nidhamu ya askari wa kambi ya Rubongi. Nikafungua vitabu. Nikaandika kwenye daftari: "Ukungu?" Nikaandika: "Joto?" Mama Adikini alikuwa pembeni anaosha makopo.

"Profesa, haya maji nakula mikono yangu."

"Ni maji ya mvua, Mama. Hakuna maji laini kuliko hayo."

"Mvua mimi najua toka utoto. Hii hapana mvua. Hii ni maji ya fundi."

Akanionyesha viganja. Vilikuwa vimekauka na kupasuka kama vya mtu aliyeshinda akikoroga zege. Hapo ndipo shahada yangu ilipoamka usingizini. Tangi jipya la saruji hutoa chokaa ndani ya maji, na chokaa ni sumu kwa mmea uliozoea maji machachu ya kinamasi. Tangu siku hiyo tulikinga mvua kwa mabeseni ya plastiki katikati ya uwanja, mbali na paa, mbali na ukuta, na, kwa pendekezo la Mama Adikini, mbali na mimi. Tangi lenyewe lipo mpaka leo. Wapishi wa chuo wanalisifu sana.

Jambo jingine ambalo hamtaliamini mpaka liwakute: msikihurumie. Watu wa kwetu hatuwezi kumtazama kiumbe akikaa bila kula. Palikuwa na mwalimu mmoja wa Busia upande wa Kenya, kijana mchangamfu, nimwite Mwalimu Wafula. Alichukua makopo sita akayarudisha kabla ya mwezi kwisha.

"Mzee, hii kitu yako imedanja," alisema, akaliweka kopo la kwanza mezani. Kwa harufu yake sikuhitaji kuuliza kudanja ni nini.

"Ulikilisha nini, Mwalimu?"

"Mimi? Hapana. Ni wanafunzi walitaka kuiona ikila."

"Ikila nini?"

Akatazama dirishani. "Smoki, ile soseji ya kando ya barabara. Lakini kipande kidogo tu, Mzee. Na kachumbari tuliitoa."

Kinata kimezaliwa mahali pasipo na kitu na kimejifunza kuishi kwa bahati ya wadudu. Ukikipa shibe kinaoza. Kama moyo wako hauwezi kutulia, saga mukene mmoja, yule dagaa ambaye Wakenya humwita omena, awe laini kama poda. Chovya ncha ya kijiti cha meno. Gusa jani moja. Moja! Ukianza kulionea huruma jani la pili, tayari unalima ukungu.

Na kupanda kwenyewe ni hivi. Chukua mchanga wa mtoni uuoshe mpaka maji yatoke meupe kama ulivyoyamimina, kisha uuoshe tena kwa ajili ya ile mara uliyodanganya. Uchanganye na mboji ya kinamasi. Samadi usiitaje hata kwa jina. Jaza kopo lenye matundu chini, liketishe ndani ya beseni lenye maji ya mvua ya kina cha vidole viwili, ili linywe kutoka chini. Usimwagilie kutoka juu, utazihamisha mbegu zote pembeni. Kata chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ifunike juu ya kopo kama kofia. Mbegu zenyewe ziweke juu ya mchanga na uziache hapohapo. Usizifukie. Mkulima yeyote wa Rubongi ukimwambia umepanda bila kufukia atakuuliza kama kwenu hakuna wazazi. Lakini mbegu ya kinata huota kwa kuuona mwanga. Ukiifunika kwa udongo hata wa unene wa ukucha, umeizika.

Lishikeni hilo la mwanga, kwa sababu ndilo lililotutia hofu kule Mella.

Mbegu zetu zote asili yake ilikuwa kinamasi kimoja cha Mella, nyumbani kwa baba yake Mama Adikini. Alipokuwa msichana alichunga ndama pale na kaka yake. Mchezo wao ulikuwa kuweka sisimizi juu ya majani ya kinata na kushindana ni la nani litakalojikunja kwanza. Kaka alikuja kufariki, na shamba likabaki mikononi mwa mjane wake, Mama Amuge, na mwanawe Okiror. Mama Adikini alikuwa ameolewa mbali. Binti akishaolewa, shamba la kwao hulitazama kama picha ya ukutani: anaruhusiwa kulipenda, haruhusiwi kulisogeza.

Sasa kinata hiki cha kwetu huishi mwaka mmoja tu. Mvua zikianza huota, hukua, huchanua. Kiangazi kikija hukauka chote, na kinachobaki duniani ni mbegu. Ukikosa mbegu za mwaka mmoja umekosa kila kitu. Kila kiangazi tulikwenda Mella kuongeza mbegu zetu. Mwaka ninaousimulia, kibandani hatukuwa na hata moja, kwa sababu nilikuwa nimeamua kuboresha mambo. Naomba nisieleze zaidi. Ilihusu mbolea.

Siku ya Ijumaa tukapata habari kwamba Okiror amepata vibarua, na Jumatatu wanaingia kinamasini kulima mpunga. Hatukumlaumu. Alikuwa na watoto wanaosoma, na hakuna mwalimu mkuu anayepokea sisimizi. Lakini jembe lingegeuza udongo wote, na kila mbegu iliyoanguka pale ingelala gizani milele. Mama Adikini aliosha kopo moja mara tatu. Kisha akalipangusa.

"Profesa, kesho twende Mella."

Haiwezekani kwenda kwa wifi mikono mitupu. Tulibeba sukari, sabuni na vikaratasi viwili vya ugoro, kwa sababu Mama Amuge alivuta ugoro kuliko hata Mama Adikini. Kimoja tulimpa tulipofika. Cha pili Mama Adikini aliniambia nikitunze mfukoni, tumpe wakati wa kuaga, ili mwisho wa ugeni uwe mtamu kama mwanzo.

Tulivuna asubuhi nzima, tumeinama kwenye mabua makavu, tukigonga vitumba vidogo kama punje za ulezi juu ya karatasi. Hatukuacha hata kitumba kimoja. Nilijivunia hilo. Mwishoni mbegu zote za kinamasi kile zilitosha kuwa rundo la kijivucheusi, kama unga wa pilipili manga ambao mtu angeutia kwenye supu bila kufikiri. Mama Adikini akazikunja kwenye karatasi kwa ule mkunjo wake wa ugoro, pembe tatu ndani ya pembe tatu. Mkunjo huo ndio niliowafundisha juzi mkaniambia bahasha za plastiki ni bora. Bahasha huvuta mbegu kwenye kuta zake zikang'ang'ania humo; mkunjo wa ugoro hauvuji hata vumbi.

"Shika wewe," akaniambia. "Wewe ndiyo iko na mifuko mingi."

Nikatia kikaratasi mfukoni. Yeye akaenda nyuma ya nyumba kulisalimu kaburi la kaka yake. Mimi nikabaki uani na Mama Amuge, ambaye alikuwa ameketi kwenye mkeka, amevaa gauni lake la gomesi la kijani, akinitazama kwa upole mwingi.

"Mtoto wangu," akasema, "mfukoni kwako nasikia kuna kitu yangu."

Ningekataaje? Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kikaratasi, nikampa kwa mikono miwili huku nikiinama kidogo, kama nilivyolelewa.

Akafungua. Akamimina chote kiganjani. Akachota kwa kidole na gumba, akavuta pua ya kulia, akavuta ya kushoto. Akafumba macho, akangoja. Nami nikangoja pamoja naye, maana chafya ya mzee baada ya ugoro ndiyo asante yenyewe. Chafya haikuja.

"Hii ugoro," akasema, macho bado yamefumbwa, "ilibatizwa?"

"Labda ongeza kidogo, Mama," nikamshauri.

Naomba mlisome tena sentensi hiyo. Mimi, mwenye shahada ya botania, nilimwambia aongeze.

Akaongeza. Kimya. Akafumbua macho, akanionea huruma. "Ugoro ya wasomi. Hapana nguvu." Akapiga viganja viwili, pa! pa!, na kilichobaki kikapaa na upepo juu ya uwanja aliokuwa ameufagia vizuri, kikaishia kwa kuku. Tulikuwa bado tunacheka pamoja Mama Adikini aliporudi. Alikiona kikaratasi kilichofunguka juu ya mkeka.

"Profesa, ile ya mbegu iko wapi?"

"Hii hapa," nikasema, nikampa kikaratasi kilichobaki mfukoni.

Akakifungua kidogo, akakisogeza puani, akapiga chafya moja kubwa iliyowafukuza kuku wote.

Hakunipigia kelele. Aliketi chini, pale pale alipokuwa amesimama, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona hana mzaha mdomoni. Alitazama kule bondeni, kisha akamtazama Mama Amuge.

"Kinamasi ya baba yangu," akasema polepole, "iko kwa pua ya wifi."

"Iko nini?" Mama Amuge akauliza.

"Wifi, usipumue!"

"Nisipumue mpaka lini?"

Nikatoa leso yangu nyeupe. Tukamzunguka Mama Amuge kama wakunga. Mama Adikini akamshika kichwa, mimi nikatandaza leso.

"Penga, wifi. Polepole. Kama mtu wa kanisa."

"Toka nimeolewa hapa naomba hii familia iniheshimu," akasema Mama Amuge, sauti yake ikitoka kwa shida, "na leo munataka kamasi."

"Pua ya kulia kwanza," nikasema, kwa sauti ya kisayansi, kwa sababu mtu aliyeharibu kila kitu hubakiwa na sauti tu.

Akapenga. Kulia, kisha kushoto. Nikapiga magoti na lenzi yangu juani, nikahesabu. Kwenye leso zilikuwamo mbegu nane. Kwenye mikunjo ya kikaratasi kile, pale karatasi inapobana zaidi, zilikuwa zimebaki kumi na moja. Uwanjani nilitambaa mpaka magoti yakachubuka, sikupata kitu, ila kuku walinitazama kwa macho ya watu walioshiba. Jumapili tulirudi bondeni kutafuta kitumba kilichosahaulika. Hakukuwa na kilichosahaulika; tulikuwa tumevuna kwa ukamilifu. Jumatatu majembe yakaingia.

Ndiyo maana nawaambia: mkivuna, acheni nusu. Si kwa huruma. Ni kwa sababu siku zote kuna mmoja kati yenu aliye kama mimi.

Mbegu kumi na tisa, basi. Kinamasi kizima, na utoto wa mtu ndani yake. Zile nane tulizisuuza kwa maji ya mvua kwenye kijiko, na kila moja tukaibeba kwa ncha ya unyoya wa kuku uliolowana, tukaitua juu ya mchanga. Mama Adikini alipanda. Kazi yangu ilikuwa kushika beseni na kutozungumza. Mimi nilibandika vibao kwa wino: "K" kwa zilizotoka karatasini, "P" kwa zilizotoka puani. Unyevu ukala wino wote kabla ya siku kumi.

Kisha tukangoja. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna video inayoweza kuionyesha, kwa sababu hakuna kinachotokea. Niliinua kofia ya chupa asubuhi, kabla ya chai, baada ya chai, kabla ya kwenda kuinua tena. Wiki ya tatu lenzi yangu ikapotea.

"Mama Adikini, umeiona lenzi?"

"Niliificha."

"Kwa nini?"

"Posho kwa sufuria ukifunua kila saa hapana iva. Kaa kwa ofisi yako, andika kitu."

Nikakaa ofisini, nikaandika ripoti ambayo hakuna aliyeisoma, hata mimi mwenyewe. Wiki ya nne, kimya. Wiki ya tano nilianza kutunga maneno ya kumwambia, nikaona hayapo, maana ungemwambia nini mtu ambaye hakuwa na sauti juu ya shamba la kwao, akachukua kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu angemzuia kukichukua, nawe ukakigawa kama ugoro? Alikuwa hanilaumu. Alikuwa anaosha makopo, na kila kopo aliliosha mara tatu.

Wiki ya sita aliniita bila kuinua sauti. Lenzi ilikuwa mkononi mwake. Chini ya kofia ya chupa kulikuwa na vitone vitano vya kijani, kila kimoja na wekundu kidogo pembeni, vidogo kuliko nukta niliyoweka mwishoni mwa sentensi hii. Hatukucheka. Hatukupumua hata.

Konokono alikula viwili. Vitatu vikafika kimo cha kidole, kisha kiganja, vikakamata vijidudu vyao wenyewe bila msaada wa mukene wala smoki. Mama Adikini aliamua vyote vitatu vilitoka puani, kwa sababu vilikuwa na kichwa kigumu kama cha wifi. Asubuhi moja kimoja kikachanua ua la rangi ya waridi, dogo kama kifungo cha shati la mtoto. Ua la kinata hufunguka jua likipanda na kufunga adhuhuri, na likifunga hujichavusha lenyewe, halisubiri nyuki wala mtaalamu. Lilipofunguka mimi nilikuwa kwenye kikao. Niliporudi lilikuwa limefunga, na Mama Adikini akanieleza lilivyokuwa, kwa urefu, ili niumie. Kufikia kiangazi mimea ile mitatu ilitupa mbegu za kujaza karatasi mbili. Hakuna hata moja iliyokabidhiwa kwangu.

Lakini mbegu kwenye karatasi si kinamasi. Tulizipanda, tukavuna, tukapanda tena, shule zikapata makopo yao, na Mama Adikini akawa anaangalia trei zile kama mtu anayetazama ng'ombe wa baba yake wakiwa wamefungwa kwenye uwanja wa jirani. Kwao kulikuwa na mpunga. Hapakuwa na la kufanya.

Mpaka Mama Amuge alipokuja Tororo sokoni, akapitia kibandani, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Aliulizia afya ya kila mtu, na ya kila kopo. Mwishowe akasema:

"Wifi, ule upande ya juu, maji inapotoka chini ya mawe, mpunga imekataa. Nakuwa njano kama mtu wa homa. Okiror ameweka mbolea, maji naosha yote. Misimu miwili. Sasa ameacha."

Mama Adikini akaendelea kusugua kopo.

"Ile kona," Mama Amuge akasema, "nimemwambia Okiror itakuwa ya shangazi yake. Unataka?"

Mkono ukasimama. "Iko mbaya kiasi gani?"

"Mbaya sana. Hata mbuzi napita."

Mama Adikini akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso, akaendelea kujifuta hata baada ya kicheko kwisha, na mimi nikakumbuka kwamba kuna trei fulani nje inayonihitaji.

Mnaona jambo lenyewe? Kona iliyomshinda Okiror ilimshinda kwa sababu ilikuwa maskini, imesuuzwa, haina kitu. Na kinata hakijawahi kuomba kingine. Mvua zilipoanza tulikwenda asubuhi isiyo na upepo. Mama Adikini alivua viatu, akaingia kwenye mchanga ule wenye maji, akamwaga mbegu mwenyewe, karatasi nzima. Mimi nilisimama kwenye nyasi na mabeseni matupu. Katikati ya msimu kona yote ilikuwa nyekundu inayometa, na Mama Adikini, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amechuchumaa akitafuta sisimizi.

Mama Amuge alisimama nyuma yetu, mikono kiunoni. Hakuonekana kufurahi hata kidogo.

"Imependeza sana," akanong'ona. "Okiror akiona hivi atarudi na jembe. Kila mwaka mukuje hapa, mukae kusema pabaya."

Na ndivyo tulivyofanya miaka yote. Kila msimu tulisimama pale, mimi na Mama Adikini, tukipaza sauti Okiror akipita njiani. "Aa, hii sehemu imekufa kabisa!" "Hapana faa kitu, Profesa!" "Hata nyanya haiwezi!" Mama Amuge aliitikia kutoka uani kwamba alituambia tangu zamani. Okiror alitikisa kichwa kwa huruma akaenda zake. Sijui kama anajua. Nadhani anajua, lakini shangazi yake ni shangazi yake.

Sasa Mama Adikini naye amepumzika kazi, na magoti hayamruhusu tena kufika bondeni. Yangu yanalalamika pia. Kwa hiyo hiki ndicho kitu kidogo nilichotaka kuwaambia tangu mwanzo. Kiangazi kikifika, nendeni Mella. Mpelekeeni Mama Amuge sukari na mumsalimu kabla ya kutazama bondeni. Vuneni nusu. Mkimaliza, Okiror atasimama njiani awaulize mmeionaje ile kona ya shangazi yake. Mtikisieni kichwa. Mwambieni ni pabaya, kaka, pabaya kabisa, hapafai hata kwa bure. Mwambieni kwa sauti ya kusikika mpaka uani, maana kuna mtu huko atawapigia simu wazee wawili Tororo kuwaeleza kama mmesema vizuri.